Mke wa Munyiva

Siku ambayo serikali ilikuja kuhesabu Kyawanga, Munyiva alivaa gauni lake la kanisani, akakalia kiti cha pekee chenye mgongo, akangoja kuhesabiwa.

Kijiji kizima kilikuwa kimejiandaa kwa wiki tatu. Bwawa la umeme lilikuwa linakuja. Ukuta wake ungeuziba Mto Athi kule chini kwenye miamba, na maji yangepanda polepole mpaka mlangoni mwa kanisa. Kila kitu kitakachofunikwa na maji kingelipwa fidia: mti, choo, zizi, kaburi, nyumba. Basi watu wa Kyawanga, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na haja ya kupanda hata mti wa kivuli, walishikwa na mapenzi ya miti. Vijiti vilivyochomekwa ardhini Jumatatu viliitwa shamba la michungwa kufikia Ijumaa. Mzee Bartholomew, shemeji yake Munyiva, alilipanua banda lake la kuku, akatia vitanda viwili na kioo kilichopasuka, kisha akaandika mlangoni kwa chokaa: HOTELI.

Munyiva hakupanda wala hakujenga. "Mimi niko na vyangu," alisema. "Nitasema ukweli, wataandika, yaishe."

Ndanu alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni. Alimwamini Munyiva katika mambo mengi, ila si katika hilo la ukweli kuandikwa ukaisha.

Karani alifika saa nne. Alikuwa kijana wa Machakos mjini, jina lake Ramzi, viatu vyake vyeusi vimekuwa vyekundu kwa vumbi na tableti ameikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma yake alifuata Bartholomew. Tangu asubuhi mzee huyo alikuwa akimsindikiza boma hadi boma, asije akachoka kabla ya kufika hotelini.

"Habari, mama. Mwenye boma ni nani?"

"Ni mimi. Munyiva wa Ngui."

"Na mzee?"

"Ngui alikufa. Kaburi ni lile pale, kando ya mpapai. Mmelihesabu?"

"Tumelihesabu, mama. Pole. Wengine wanaoishi hapa?"

"Mke wangu, Ndanu. Na watoto wetu wawili, Lavender na Mbithi. Wako shule."

Kidole cha Ramzi kilisimama hewani. "Mke wa nani?"

"Wangu."

"Unamaanisha mke wa mtoto wako."

"Mtoto nilikosa. Ndiyo maana nikaoa."

Ukambani jambo hili lina jina, huitwa iweto. Mwanamke aliyekosa mtoto humtolea mahari mwanamke mwenzake, akamleta nyumbani kwake. Watoto wa huyo mke huwa watoto wa nyumba hiyo, hupewa majina ya wazee wake, na nyumba haifungwi. Kyawanga hakuna aliyeona ajabu. Mbithi alipobatizwa kwa jina la babake Ngui, kanisa zima lilipiga makofi. Lakini tableti ilikuwa imetengenezwa mbali sana, na watu ambao hawajawahi kuonja muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharage.

Ramzi alibonyeza, akabonyeza tena, akatoa jasho. "Nikiweka 'mke' inaniuliza jina la mume. Nikiandika jina lako inasema mume hawezi kuwa wa kike."

"Iambie anaweza."

"Haisikii, mama."

"Basi hiyo si mashine. Hiyo ni shemeji yangu."

Bartholomew alikuwa ameegemea mlango wa zizi. Alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka kusaidia. "Kijana, usipoteze wakati. Huyo Ndanu anapika, anafua, analima. Mtu wa namna hiyo huko kwenu mjini mnamwita nani?"

Ramzi aliitazama orodha. Palikuwa na neno hapo, na neno lilikubali mara moja bila maswali. "Nitaweka 'mfanyakazi wa nyumbani' kwa sasa," alisema bila kumtazama mtu. "Ofisi itarekebisha."

Wakati huo Ndanu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akawaza aliweke chini, akawaza alirudishe jikoni, akaona kwamba lolote atakalofanya, sasa atalifanya kama mfanyakazi. Mwishowe aligawa vikombe. Cha Ramzi alikitia vijiko vitatu vya sukari, kwa kuwa kijana alikuwa mbali na mamake. Cha Bartholomew hakukitia hata kimoja.

*

Ofisi haikurekebisha kitu. Baada ya siku tisa orodha ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya chifu. Lavender aliipiga picha kwa simu ya rafiki yake, akarudi nyumbani, akawasomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Boma nambari sitini na moja. Munyiva Ngui, mjane, anaishi peke yake. Mfanyakazi, mmoja. Wageni, wawili. Mrithi, Bartholomew Mbithi, shemeji." Akamwinulia macho Munyiva, ambaye watoto humwita susu, yaani nyanya. "Susu, mimi ni mgeni."

"Karibu sana," alisema Munyiva. "Mgeni aoshe vyombo."

"Na mgeni anaenda shule kesho?" aliuliza Mbithi, mwenye miaka kumi na miwili.

"Anaenda, na anaondoka mapema."

Walicheka wote isipokuwa Ndanu. Yeye aliichukua simu, akasoma mwenyewe maandishi madogo ya chini ambayo Lavender aliyaruka. Familia ingepewa shamba jipya kule juu, na nyumba ya vyumba vitatu. Mjane asiye na watu angepewa chumba kimoja, na siku akifa chumba na kiwanja vingekwenda kwa mrithi. Mfanyakazi hakutajwa popote. Kwa serikali, miaka yote ishirini aliyoamka gizani kuchota maji katika mto ule ule walioutaka ilikuwa ya kibarua asiyelipwa.

"Mwaitu," alimwambia Munyiva, kwa neno la heshima ambalo Wakamba humwitia mama, "wewe ukifa leo, kesho mimi na watoto hawa tuko barabarani."

"Sina mpango wa kufa leo. Hapo wamesema malalamiko ni lini?"

"Alhamisi. Wanataka cheti cha ndoa. Kama hakuna, mashahidi wawili walioenda kwa ntheo. Mmoja wa kwetu na mmoja wa kwenu."

Cheti hakikuwahi kuwako. Ntheo ilikuwako: mbuzi watatu, mmoja wao beberu, waliopelekwa kwa kina Ndanu kule Masinga. Beberu akichinjwa na pande mbili zikamla, msichana ni mke, hata padri akikasirika. Kwa upande wa Ndanu alikuwapo mjomba Muli, bado ana nguvu na meno yake mengi. Kwa upande wa Munyiva, waliokwenda Masinga walikuwa wawili tu. Kasyoki, dalali wa ng'ombe, alikwisha kuzikwa. Wa pili alikuwa anapaka chokaa hoteli.

*

Ndanu alimkuta juu ya ngazi. Banda lilikuwa limepata milango miwili, na juu ya kila mlango Bartholomew alikuwa akichora namba. Ndani vyumba viligawanywa kwa gunia.

"Mzee Bartholomew, hujambo."

"Shika hilo debe."

Ndanu alishika debe la chokaa. Mzee alichora 'Chumba 1', akarudisha kichwa nyuma, akaifuta ile moja kwa kidole, akaichora tena ikiwa nene zaidi.

"Nimekuja juu ya ile ntheo," alisema Ndanu.

"Ntheo gani?"

"Yangu. Mbuzi watatu, Masinga."

"Miaka ishirini, mama. Mimi hata jana sikumbuki."

"Kuku wako unawakumbuka wote kwa majina."

"Kuku wanataga." Akasogeza ngazi, naye Ndanu akasogea na debe. Chokaa ilikuwa imeanza kumdondokea kwenye leso. "Namba mbili inatakiwa kuwa na shingo. Ona. Umeona shingo?"

"Nimeona."

"Hiyo si kazi ya mtu wa mkono. Ni ya mtu wa akili."

Alimshikisha debe mpaka jua likawa utosini. Alipokwisha, alishuka, akapangusa mikono na kuzungumza kwa upole wa mtu anayeuza. "Kichwa cha mzee kinaweza kufunguka, Ndanu. Mwambie Munyiva aniandikie fidia ya ule upande wa mtoni, wenye michungwa ya kweli. Mimi nitakumbuka mpaka rangi za hao mbuzi."

Ndanu alirudi nyumbani na leso ya madoa. Alimsimulia Munyiva yote, akingoja aone amekasirika. Munyiva alikuwa akipeta mbaazi, na ungo haukusimama.

"Anapaka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na alikuonyesha kazi yake?"

"Vyumba vyote viwili. Na shingo ya namba."

"Aya." Munyiva alipuliza makapi. "Hapati hata chungwa moja. Alhamisi vaa leso nyingine."

*

Alhamisi hema lilipigwa mbele ya ofisi ya chifu, na Kyawanga yote ikaja kulalamika. Kulikuwa na waliohesabiwa miti pungufu, na mmoja aliyehesabiwa choo cha jirani. Chifu Ndila, mwanamke mpana mwenye sare iliyopigwa pasi ikasimama, alisikiliza kila mmoja akiwa ameushika mkanda wake. Ramzi aliketi kando yake na tableti. Ilipofika zamu ya boma sitini na moja, watu waliokuwa wameenda kununua mandazi walirudi haraka.

Mjomba Muli alikuwa amekuja kwa bodaboda kutoka Masinga, na vumbi lote la njia alikuwa nalo.

"Ulikuwako?" aliuliza Chifu Ndila.

"Nilikuwako. Nilikula mguu wa nyuma."

"Sijakuuliza ulikula nini."

"Ndiyo ushahidi wenyewe, Chifu. Kama ntheo haikuwako, ule mguu ulikuwa wa nani?"

Chifu aliandika. "Upande wa Munyiva. Mzee Bartholomew, inasemekana wewe ulienda."

Bartholomew alisimama, ameshika kofia kifuani kama aliye msibani. "Hapana. Mimi hao mbuzi siwajui. Ndanu ni mtu mzuri, anafanya kazi vizuri, lakini ndoa sikuiona."

Minong'ono ilipita chini ya hema. Ndanu alitazama miguu yake. Aliisikia kalamu ya Chifu ikigonga meza, tak, tak, na akawaza jinsi atakavyowaambia watoto, na kwamba Lavender hatasoma tena kwa sauti ya redio.

Ndipo Munyiva akasimama.

"Chifu, Bartholomew anasema kweli."

Ndanu aligeuka. Hata Bartholomew aligeuka.

"Hakuenda," alisema Munyiva. "Nilimwomba, akasema mbuzi watamchafulia suruali. Aliyeenda ni Kasyoki, Mungu amrehemu. Kasyoki peke yake na mbuzi watatu. Kama angekuwa hai leo nisingehangaika."

"Kasyoki alikuwa mwanaume," alisema mzee mmoja nyuma.

"Alikuwa," alikubali Munyiva. "Walipofika darajani beberu alikataa kuvuka. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Kasyoki alimwinua, akambeba mabegani mpaka ng'ambo."

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Kofia ya Bartholomew ilianza kuzunguka mikononi mwake.

"Na kule Masinga, wazee wakakataa kabisa. Wakasema hawatoi msichana kwa mwanamke. Kasyoki akasimama katikati ya uwanja akawapa shairi. Shairi tamu, Chifu, mpaka wakalegea. Kijiji hiki hakijapata tena mtu wa kichwa kama kile."

"Shairi gani?" alisema Bartholomew.

"Kaa chini, mzee, wewe hukuwako."

"Kasyoki alikuwa na kigugumizi, Munyiva. Kusema 'mbuzi' tu kulimchukua mpaka saa sita. Shairi angelisema na mdomo wa nani?"

"Chifu, mwambie akae. Anamwonea wivu marehemu."

"Wivu? Mimi?" Bartholomew alikuwa amelifungua shati mpaka kifuani na sasa alikuwa akiwaonyesha watu bega lake, benchi kwa benchi. "Hii alama ni ya nini? Hii ni pembe. Kasyoki alikuwa mbele na wale majike wawili wapole, mimi nyuma na beberu. Nani alimbeba? Nani aliumwa sikio? Na shairi nililisema kwa Kiswahili, ili wale wa Masinga waone wamejiwa na mtu aliyesoma."

"Hukumbuki hata mstari mmoja," alisema Munyiva.

Bartholomew alivuta pumzi. Alifumba macho, akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu:

"Nimembeba begani, beberu mwenye hasira,
Nimetoka Kyawangani, jua limenila sura,
Tupeni mtu nyumbani, awashe taa imara,
Mkikataa jamani, beberu nawaachia."

Hema zima lilipiga makofi. Mjomba Muli alikuwa akijipiga paja. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyu. Tuliogopa kuachiwa yule beberu."

Bartholomew aliinama kidogo kulia, akainama kushoto. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipwa deni la miaka ishirini.

"Vizuri sana, mzee," alisema Chifu Ndila, kalamu inakimbia. "Baada ya shairi, wakakubali?"

"Papo hapo."

"Beberu akachinjwa?"

"Akachinjwa. Mimi nikapewa..." Mkono ambao bado ulikuwa juu ulishuka polepole, ukaanza kufunga vifungo vya shati.

"Ukapewa nini?"

"Bega," alisema Bartholomew, kwa sauti ambayo Kasyoki mwenyewe angeishinda.

"Nisamehe, Chifu," alisema Munyiva akikaa. "Uzee huu. Mimi muda wote nilidhani ni Kasyoki."

*

Kicheko kilipokwisha, kazi ilibaki kwa Ramzi. Alipiga simu Machakos, akaeleza, akaeleza tena, akaiweka simu mbali na sikio, kisha akarudi mezani akikuna shingo.

"Wamesema mashine itakubali nikikuandika wewe mwanaume, mama. Kwa muda tu, hadi warekebishe."

"Mwanaume hulipwa zaidi?"

"Hapana."

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Tableti, iliyokuwa imekataa ukweli, iliupokea uongo huo bila kelele. Munyiva, mume. Ndanu, mke. Lavender na Mbithi, watoto. Ndanu alimwomba amwonyeshe, akasoma kila neno, akasoma tena jina lake na neno lililokaa kando yake.

"Sasa hii hapa ni ya kukubali kuhama," alisema Ramzi, akitoa karatasi. "Mtachukua shamba jipya kule juu. Sheria inataka mume na mke wote watie sahihi."

Munyiva alichukua kalamu akaandika jina lake, herufi moja moja, ulimi nje. Akampa Ndanu kalamu.

Ndanu aliipitia karatasi. Aliipitia mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukohoa.

"Hati ya shamba jipya itakuwa na jina la nani?"

"La mwenye boma," alisema Ramzi. "La Munyiva."

"Peke yake?"

"Fomu iko na nafasi moja."

Ndanu aliiweka kalamu mezani. "Basi sitii sahihi."

Foleni iliguna. Bartholomew, aliyekuwa wa pili kutoka mbele na picha za hoteli yake mfukoni, aliguna kuliko wote. Munyiva alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na hakufurahi.

"Nimejidhalilisha mbele ya Kyawanga yote ili uitwe mke," alisema kwa sauti ya chini. "Neno la kwanza unalonipa ni hapana?"

"Mwaitu, kwetu walipohamishwa kupisha lile bwawa la Masinga, baba aliandikwa peke yake. Alipokufa ndugu zake walikuja na ile karatasi. Mama alitoka na sufuria na sisi."

"Mimi si babako."

"Najua. Wewe ni mwema kuliko yeye, na uko na miaka sabini na nne."

"Kwa hivyo unangoja nife."

"Nangoja usife kabla fomu haijaja."

Ramzi alijishughulisha na kufuta vumbi kwenye kioo cha tableti. Munyiva aliutazama mkono wa Ndanu uliokuwa juu ya meza, mkono mfupi, mpana, wenye ufa mweusi wa jembe katikati ya kiganja. Kisha akaivuta ile karatasi yenye jina lake, lile jina lililomtoa jasho, akaikunja mara mbili na kuitia kifuani mwa gauni.

"Kijana," alimwambia Ramzi, "fomu ya majina mawili iko?"

"Iko Machakos, mama. Haiombwi sana. Ninaweza kuileta Jumatatu."

"Ilete Jumatatu."

Walishika njia ya kurudi. Munyiva alitangulia, fimbo ikichimba ardhi kuliko ilivyohitajika, Ndanu nyuma yake hatua tatu. Chini upande wa kushoto mto ulikuwa unapita, mdogo wakati huu wa kiangazi, haujui lolote. Walipofika kwenye kona ya shamba lao Munyiva alisimama, akangoja mpaka Ndanu akawa sawa naye.

"Leo utapika kama mwenye shamba," alisema.

"Shamba lenyewe linaenda majini, mwaitu."

"Basi pika haraka."